Nani Asemaye Mama wa Mahurunga Hana Kazi?

Kila unapoanza mwaka wa masomo, walimu wa nchi hii hujaza fomu za wanafunzi wapya. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, kazi ya baba, jina la mama, kazi ya mama. Penye kazi ya baba huandikwa bila wasiwasi: mkulima, mvuvi, fundi. Penye kazi ya mama kalamu husita, kisha huandika "mama wa nyumbani". Kalamu yenye haraka zaidi huandika "hana kazi". Fomu hutiwa jaladani, na mwalimu huita jina linalofuata.

Makala haya yanaishtaki kalamu hiyo. Yanaishtaki pia kalamu ya ofisini, ya ofisa mipango na ya karani, ambayo huichukua tarakimu moja katika taarifa ya taifa, huinakili katika hotuba ya mkubwa wake, na kudhani kwamba imekwisha kuwaeleza wananchi hali ya wanawake katika kazi. Tarakimu hiyo ni kiwango cha ukosefu wa ajira. Ni tarakimu halali, iliyopatikana kwa jasho la wataalamu wetu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Lakini kuitumia peke yake kuwa ndiyo mizani ya kazi ya mwanamke wa Tanzania ni kosa, na kosa hilo lina gharama. Wala gharama hiyo hailipwi na yule anayeandika hotuba.

Utafiti wa Nguvu Kazi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kwa maana ya ukosefu wa ajira inayotumika nchini, asilimia 10.3 ya nguvu kazi ya Tanzania Bara haikuwa na ajira. Kwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 8.2, na kwa wanawake asilimia 12.3. Msomaji wa haraka huzitazama tarakimu hizo akasema: kumbe mwanamke mmoja tu katika kila wanane ndiye mwenye shida, saba waliobaki mambo yao ni shwari. Akisoma zaidi atakuta kwamba ukosefu wa ajira ni mkubwa Dar es Salaam kuliko vijijini. Basi, kama kiwango hicho ndicho mizani ya neema, mama wa kijijini amempita mbali dada yake wa Dar es Salaam! Nani kati yetu, aliyewahi kufundisha au kutumwa kikazi kijijini, anayeweza kuyatamka maneno hayo bila kuona haya?

TUMFUATE HUKO ALIKO

Tuiache karatasi kwa muda, twende Mahurunga. Ni sehemu ya Wilaya ya Mtwara, kusini kabisa mwa pwani yetu, mahali ambapo Mto Ruvuma unakaribia kuyamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Bondeni kuna mpunga. Juu ya bonde kuna mikorosho, minazi na mihogo. Kuelekea baharini kuna mikoko.

Tumchukue mama yeyote wa huko, katika majira ya mpunga. Huamka kabla ya jogoo wa kwanza. Huteka maji, huwasha moto, huwaandaa watoto waende shule, kisha hushika jembe. Mpunga unapotoa mashuke kazi huzidi, kwa maana hapana budi kuamia ndege tangu alfajiri hata jua lizame, na usiku wako viboko watokao mtoni. Mwenye shamba la mbali hulala dunguni. Akirudi nyumbani, kinu kinamngoja. Mihogo yahitaji kumenywa na kuanikwa iwe makopa. Bamvua likifika na maji yakipwa, wanawake wa pwani hiyo hushuka kuokota kombe na kutanda uduvi. Mgonjwa aliye ndani ni wake, mtoto mchanga ni wake, bibi kizee asiyeona ni wake.

Sasa mdadisi wa takwimu anapiga hodi. Ni kijana mwenye adabu, aliyefundishwa kazi yake vizuri. Anatoa shikamoo, anapewa kigoda, anafungua dodoso lake.

"Mama, katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya kukupatia faida, walau kwa saa moja?"

"Kazi ya malipo? La, mwanangu. Mimi nipo tu."

"Mpunga huu unalima hasa kwa kuuza au kwa kula?"

"Kwa kula. Tungeuza tungekula nini?"

"Na katika wiki nne zilizopita, ulitafuta kazi?"

Hapo mama atacheka. "Niitafute wapi? Na hii iliyopo nimwachie nani?"

Mdadisi hana kosa. Ameandika aliyoambiwa, na kanuni imefanya yaliyobaki. Kwa kanuni hiyo mama huyu hana ajira, kwa sababu halipwi na hauzi. Wala hakosi ajira, kwa sababu hakuitafuta na hana nafasi ya kuianza hata angeletewa mlangoni. Hayumo kushoto wala kulia. Amewekwa "nje ya nguvu kazi", yeye ambaye bila nguvu zake kaya nzima isingekula jioni hiyo.

JEMBE MOJA, MAJINA MAWILI

Msomaji atauliza: kanuni hii imetoka wapi? Imetoka Geneva, katika mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi unaoitishwa na Shirika la Kazi Duniani. Mkutano wa mwaka 1982 ulikubaliana kwamba mtu aliyefanya kazi walau saa moja katika wiki inayoulizwa ahesabiwe kuwa anayo ajira, na kwamba kilimo cha chakula cha nyumbani nacho kihesabiwe kama kinachangia sehemu kubwa ya mahitaji ya kaya. Kwa kanuni hiyo mama wa Mahurunga alikuwa "ameajiriwa", sawasawa na mkurugenzi mwenye gari na dereva. Kijijini ukosefu wa ajira ukaonekana kitu kidogo, na wako waliojipongeza.

Mwezi Oktoba 2013 mkutano wa aina hiyo hiyo ukageuza. Tangu hapo ajira ni kazi ya malipo au ya faida peke yake. Anayelima hasa kwa ajili ya kula hahesabiwi tena kuwa anayo ajira. Mama ni yule yule, jembe ni lile lile, shamba halikusogea hata hatua moja. Jana alikuwa na ajira, leo hana. Na jana wala leo hakuna aliyemwondolea hata debe moja la maji kichwani.

Na si miaka tu inayomgeuza, hata miezi humgeuza. Mdadisi akija mwezi Novemba, wakati wa msimu wa korosho, atamkuta mama chini ya mikorosho akiokota korosho za kuuzwa ghalani. Hapo huandikwa anayo ajira, "msaidizi wa kaya asiyelipwa". Akija wakati wa mpunga, mama huyo amekwisha kutoka katika orodha. Ajira gani hii inayokuja na kuondoka bila mwenyewe kuajiriwa wala kuachishwa?

KAZI NA AJIRA SI KITU KIMOJA

Kiswahili chetu kilikwisha kulitambua jambo hili zamani. Tunalo neno kazi na tunalo neno ajira. Ajira ni mapatano ya ujira. Kazi ni kila jasho linalomtoka mtu ili yeye na wenzake waishi. Mwanamke anaweza kukosa ajira maisha yake yote na asikose kazi hata siku moja. Ajabu ni kwamba tuliosoma ndio tuliochanganya. Tunaandika "hana kazi" pale tunapotaka kusema "hana ajira", na kwa kosa hilo la neno moja tunawafuta mamilioni ya watu katika hesabu ya wajenzi wa taifa.

Tuwe wa kweli: mkutano wa 2013 haukukosea katika yote. Ndio uliotamka wazi kwamba kulima kwa ajili ya kula, kuteka maji, kupika na kulea ni kazi, na kwamba kazi hizo nazo zipimwe kwa vipimo vyake. Wanatakwimu walitenganisha ajira na kazi ili vyote viwili vionekane. Sisi wasomaji wa taarifa tumechukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili. Tumebaki na kiwango cha ukosefu wa ajira mkononi, na kazi yenyewe tumeiacha bondeni.

Wala hatuwezi kusema kwamba hatukujua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na likawakemea wanaume wa vijijini kwa kupumzika kupita kiasi. Utafiti wa Nguvu Kazi wa mwaka 2006 uliingiza maswali ya matumizi ya muda, na ule wa 2014 ukafanya vivyo hivyo. Hesabu ya saa za mama, basi, ilikwisha kuanzwa na Watanzania wenyewe. Ni mara ngapi, ndugu mtumishi, umeiona hesabu hiyo katika hotuba ya bajeti ya halmashauri yako?

Historia inatuonya pia juu ya hatari ya kumtangaza mtu kuwa hana kazi. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, kwa nia ya kumpeleka kila mwenye nguvu katika uzalishaji. Jijini Dar es Salaam misako ikafanyika, na waliokumbwa walikuwamo wachuuzi wadogo wadogo, watu waliokuwa wakijilisha kwa jasho lao wenyewe. Kazi walikuwa nayo. Walichokosa ni kitambulisho cha kuithibitisha. Ofisi ikishafunga macho isiione kazi ya mtu, hatua inayofuata ni kumwita mzururaji.

KIWANDA HULIA, SHAMBA HUNYAMAZA

Sasa tuitazame gharama. Tuanze na korosho, zao la Mtwara. Katika msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani zipatazo 145,000. Serikali ikajenga viwanda vikubwa vya kubangua, na kubangua ni kazi ambayo mikono ya wanawake ndiyo iliyoizoea. Kisha uzalishaji ukaporomoka. Kufikia msimu wa 1986/87 ulikuwa chini ya tani 20,000, na mitambo mingi ikakaa bure. Baadaye zao likafufuka hata kupita tani 300,000 katika msimu wa 2017/18, lakini sehemu kubwa ya korosho hizo ilipakiwa melini ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam. Kule Kollam, katika jimbo la Kerala, kwa miongo mingi kazi ya kubangua imeshikwa hasa na wanawake, nao huhesabiwa wafanyakazi. Mama wa Mahurunga aliyeiokota korosho hiyo hiyo huitwa "msaidizi", na fedha za mauzo mara nyingi huingia katika akaunti isiyo na jina lake.

Je, kiwango cha ukosefu wa ajira kilimwonyesha mwanamke wa vijiji vya kusini ambaye angebangua lakini hakuwa na kiwanda? Hakikumwonyesha. Hakuandamana na barua ya maombi mkononi. Alirudi shambani, na kurudi shambani hakuna tarakimu.

Tuchukue mfano mzito zaidi. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, lilikumbwa na mauaji ya wapiganaji wa siasa kali. Oktoba 2020 wavamizi waliotokea huko walikishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, ukingoni mwa mto. Wananchi waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Fikiri sasa juu ya mama mwenye jaruba kando ya mto huo. Kama hofu ilimzuia kurudi bondeni, alipoteza nini? Alipoteza chakula cha mwaka. Je, kiwango cha ukosefu wa ajira kilipanda kwa ajili yake? La. Hakufukuzwa na mwajiri, wala hakwenda kuomba kazi penginepo. Kiwanda kikifungwa mjini, takwimu hulia. Shamba la mpunga likiachwa kwa hofu, takwimu hunyamaza.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kipimo kimoja. Kipimo hutengeneza dawa. Ukisema shida ya mwanamke ni ukosefu wa ajira tu, utamletea semina ya ujasiriamali na mkopo wa kikundi. Si vibaya. Lakini mwanamke mwenye siku ya saa 14 ataifanya biashara hiyo saa ngapi? Utakuwa umemwongezea mzigo juu ya mzigo, na mkopo ukichelewa kurejeshwa utamwita mvivu. Ungehesabu saa zake kwanza, ungejua kwamba mtaji wake wa kwanza ni kisima cha karibu, mashine ya kukoboa, zahanati isiyo mbali na mahali pa kumwacha mtoto.

WATATUJIBU

Najua jibu litakalotolewa. Watasema kipimo hiki ni cha dunia nzima, na tukikiacha hatutaweza kujilinganisha na wengine. Sikusema tukiache. Kwa binti aliyemaliza chuo Mtwara mjini, mwenye cheti na asiye na pa kukipeleka, kiwango hicho kinasema kweli, na kweli chungu. Tofauti ya 12.3 na 8.2 si ya kupuuzwa: inaonyesha kwamba hata pale mwanamke anapoutafuta mlango wa ajira, hufunguliwa kwa shida kuliko mwanamume. Hilo lipigiwe kelele. Lakini hata hiyo dunia tunayotaka kujilinganisha nayo haitumii kipimo hicho peke yake. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 yanadai, chini ya lengo la 8, kiwango cha ukosefu wa ajira kwa wanawake na wanaume. Na chini ya lengo la 5 yanadai sehemu ya siku inayotumika katika kazi za nyumbani na ulezi usiolipwa. Vipimo hivyo viwili ni mapacha. Aliyetutuma tumlee mmoja na kumtelekeza wa pili ni nani?

Wengine watasema kazi ya nyumbani ni mapenzi na wajibu, si jambo la takwimu. Wasemao hivyo wengi ni wanaume, na wengi wao hawajapata kutwanga. Mapenzi hayamzuii mtu kuchoka. Mwalimu anawapenda wanafunzi wake, na bado mwisho wa mwezi anadai mshahara.

KALAMU IANZE KAZI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mwanamke wa Mahurunga ni mali ya taifa, na mali hiyo inapotea kwa kukosa daftari. Basi nini kifanyike?

Kwanza, ofisa yeyote anayetaja kiwango cha ukosefu wa ajira kwa wanawake alazimike kutaja pamoja nacho mambo matatu: saa wanazofanya kazi bila malipo, idadi ya walio tayari kufanya kazi ya ujira lakini wamekata tamaa ya kuitafuta au hawana nafasi, na idadi ya wanaohesabiwa kuwa wana ajira ilhali hawapati hata senti mkononi. Maswali ya kupata majibu hayo yamo katika madodoso yetu. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua ukurasa wa pili.

Pili, vijiji vina serikali zake, vina watendaji na madaftari. Utafiti wa taifa huchukua kaya chache na hauwezi kukieleza kila kijiji. Kijiji chenyewe kinaweza kujieleza: maji yako umbali gani, mashine ya kukoboa iko wapi, nani analima bonde na nani ameliacha, na kwa nini. Taarifa hiyo ipande kutoka kijijini kwenda wilayani, badala ya sisi kungoja tarakimu ishuke kutoka juu.

Tatu, mradi wa maji, wa barabara au wa kubangua korosho upimwe kwa saa alizompunguzia mama na kwa fedha alizomtia mkononi. Mradi usioweza kuonyesha kimoja kati ya viwili hivyo usijivunie kumkomboa mwanamke.

Na la nne ni letu sisi wenye kalamu, halihitaji bajeti wala kibali. Mwalimu, fomu ikifika mbele yako, muulize mtoto: mama yako hufanya nini kutwa? Atakujibu kwa kirefu, kwa sababu amemwona. Kisha andika alichokuambia: mkulima wa mpunga, muokota korosho, msuka mikeka. Karani, usimwandike mtu "hana kazi" wakati wali ulio kwenye sahani yako ulipandwa, ukapaliliwa, ukaamiwa na kutwangwa na mtu wa jinsi yake. Kama hana ajira, andika hana ajira. Kweli hiyo tunaweza kuidai serikalini na kuishughulikia. "Hana kazi" ni uongo, na uongo hauwezi kupangiwa mipango.

Jua linapozama juu ya Ruvuma, mdadisi amekwisha kupanda pikipiki yake na mtumishi wa ofisini amekwisha kufunga faili. Mama wa Mahurunga bado yuko kwenye kinu. Kama taifa hili halina jina la jambo analolifanya saa hiyo, mwenye kasoro si yeye.